Rada ya Marram: Njia 5 Tulivu za Baiskeli Kuzunguka Kisumu na Ziwa

Kisumu na baiskeli ni story ya kitambo. Kabla nduthi ziteke stage zote, msee wa boda hapa alikuwa anakanyaga Blackmamba na kiti cha sponji nyuma. Kwa Kijaluo inaitwa ndiga, na ushago bado inabeba maji, kuni, mtungi wa maziwa na watoto wa shule. Kitu imebadilika ni kuwa vijana wameanza kuitoa kwa raha, na wengi wanahepa lami kabisa.

Sababu si swag. Miaka ya hivi karibuni ajali za barabarani zimeua zaidi ya watu 4,000 Kenya kila mwaka, na kwenye hizi haiwei zetu msee wa baiskeli anabaki kwa ukingo mwembamba, trela ikimpita karibu na kiwiko. Ndio maana baiskeli za graveli zimeshika: tairi pana kiasi, hendo ya kuinama, zimetengenezwa kula changarawe na marram. Kenya tayari iko kwa ramani ya hii mchezo. Migration Gravel Race ilianza Maasai Mara 2021, na Suleiman "Sule" Kangangi alikuwa mstari wa mbele kuonyesha dunia kuwa Wakenya si wa kukimbia tu. Sule alifariki Agosti 2022 akishindana Marekani, Vermont. Alikuwa na miaka 33.

Sasa, kama uko Kisumu au unashuka wikendi, njia ni hizi.

1. Hippo Point na Dunga (nyepesi, asubuhi moja)

Toka town kupitia Milimani, shuka Hippo Point, kisha fuata njia ya ufuo hadi Dunga Beach. Ni kilomita chache tu, kwa hivyo kama ndio unaanza, anzia hapa. Dunga kuna kinamasi cha mafunjo chenye ndege ambao hawaishi kwingine ila ndani ya mafunjo. Hayo mafunjo pia huchuja uchafu kabla uingie ziwani na ndipo samaki wadogo hujificha. Yakikatwa yote kwa sababu ya mashamba na ploti, mvuvi na mpenda ndege wote wanalia. Lipa guide wa pale ufukweni akupeleke na boti. Hiyo doo ndio inafanya mafunjo yakisimama yawe na thamani kuliko yakikatwa.

2. Kano na mashamba ya mpunga Ahero (tambarare, nusu siku)

Mashariki mwa Kisumu, uwanda wa Kano uko flat kama meza. Ahero iko karibu kilomita 25 kutoka town. Mradi wa umwagiliaji hapo huvuta maji ya mto Nyando, na kando ya mifereji kuna vijia vya trakta ambavyo baiskeli inapita poa. Utaona yangeyange weupe wamejaa kwa mpunga, na milima ya Nandi kwa mbali.

Lakini cheki hali ya hewa kwanza. Udongo wa Kano ni ule mweusi wa pamba. Ukikauka unapasuka, ukilowa unashika tairi hadi gurudumu linakataa kuzunguka, na hapo unabeba baiskeli mgongoni. Machi hadi Mei, Nyando huvunja kingo na familia zinahamia shuleni na kanisani. Kama kuna mafuriko, usiende kutalii shida za watu.

3. Seme, Kit Mikayi na ufuo wa Asembo (siku nzima)

Toka Kisumu hadi Kisian, chukua barabara ya Bondo. Kit Mikayi iko karibu kilomita 29 kutoka town: mawe makubwa yamepandana kama mtu aliyapanga. Jina linamaanisha jiwe la mke wa kwanza. Hadithi inasema mzee mmoja alipenda kukaa hapo kutwa nzima, mkewe akawa anampelekea chakula, na akiulizwa mzee yuko wapi anajibu yuko kwa mke wake wa kwanza. Watu bado huenda kuomba hapo, na 2019 UNESCO iliziweka mila za hapo kwa orodha ya zile zinazohitaji kulindwa haraka. Kuna kiingilio, beba chenji.

Baada ya hapo kata kushoto, upande wa ziwa. Vijia vya marram vinapita mabomani, soko ndogo na fukwe za wavuvi kuelekea Asembo Bay. Wenye miguu wanasonga hadi Luanda K'Otieno, kwenye feri.

4. Feri na Rusinga (siku mbili)

Feri ya Luanda K'Otieno inavuka hadi Mbita, na baiskeli inapanda. Uliza ratiba siku moja kabla. Kutoka Mbita unavuka daraja hadi Rusinga, kisiwa chenye barabara ya kukizunguka, kilima katikati na maji kila upande. Hapo ndipo alizikwa Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Hapo pia Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul mwaka 1948, nyani wa kale aliyeishi mamilioni ya miaka kabla yetu.

5. Kendu Bay na Simbi Nyaima (nusu siku)

Kusini mwa ghuba, karibu na Kendu Bay, kuna ziwa la duara la maji ya magadi, ndani ya shimo la volkano. Mara nyingine flamingo hujaa. Wazee husema kijiji kizima kilizama hapo kwa kumnyima mama mzee chakula na mahali pa kulala. Njia ya kulizunguka ni fupi, kwa hivyo unganisha na vijia vya kando ya ziwa kubwa.

Vitu za kujua kabla utoke

Upepo: asubuhi kwa kawaida ni mtulivu, mchana unavuma kutoka ziwani. Ukienda Ahero, kurudi unapigana nao. Ukienda Seme, kurudi unakusukuma. Mawingu ya radi pia hupenda mchana, so panga kumaliza mapema.

Kiboko: hutoka majini jioni kula nyasi na kurudi alfajiri. Usipite kando ya maji kabla mwanga ukae vizuri, na usisimame kati yake na ziwa kwa sababu ya selfie.

Maji: beba lita mbili au zaidi. Usiingie ziwani kupoa, kichocho ni real. Malaria pia, kwa hivyo lala ndani ya neti.

Spea: kila soko lina fundi wa baiskeli na ataziba pancha chap chap. Lakini spea zake ni za Blackmamba. Tyubu za valvu nyembamba hatakuwa nazo, beba zako mbili, pampu na kiungo cha chen. Tairi ya milimita 40 inatosha njia zote hizi kukiwa kukavu.

Heshima: salimia. "Oyawore" asubuhi inafungua milango mingi kuliko pesa. Karibu na fukwe, omena huanikwa kwenye neti hadi ukingo wa njia. Shuka na usukume. Hiyo ni karo ya mtoto wa mtu, usiikanyage. Ukitaka picha za akina mama wakianika, omba kwanza.

Njaa: kula hapo hapo. Ngege na ugali kwa kibanda cha ufukweni, nyoyo kwa soko. Njia hizi zitabaki tulivu na salama kama wenye wanaishi kando yake wanaona faida ya wewe kupita. Ukipita na chupa yako ya maji bila kuongea na mtu wala kununua hata ndizi, kwao wewe ni vumbi tu.