Sarah Vaughan na Wimbo wa Kuvuka

Bossa nova ilipoenea Marekani mwaka 1962, ilipokewa kama mgeni asiye na ukoo. Waimbaji wa jazi walishindana kuirikodi, maneno yake ya Kireno yakageuzwa Kiingereza, na wasikilizaji wengi hawakujua kwamba chini ya upole ule ilikuwamo samba, ngoma iliyokuzwa Rio de Janeiro na wazao wa watumwa. Katika bandari ya mji huo waliteremshwa mamia ya maelfu ya mateka, wengi wao kutoka Kongo na Angola, na wengine kutoka pwani ya Msumbiji. Mwaka 1958 João Gilberto aliyahamishia mapigo ya samba katika nyuzi za gitaa, akaimba kwa sauti ya chini, mithili ya mtu azungumzaye na jirani yake. Mtindo huo ndio uliosifika duniani.

Sarah Vaughan aliufuata muziki huu nyumbani kwake. Alizaliwa Newark mwaka 1924, akakulia katika kwaya ya kanisa. Mwaka 1977 alikwenda Rio kurikodi santuri ya "I Love Brazil!" pamoja na wenyeji wa fani: Antônio Carlos Jobim, Dori Caymmi na Milton Nascimento.

Huo ulikuwa mtihani. Bossa nova hupenda kunong'ona, ilhali sauti ya Vaughan ilikuwa pana, yenye kina na mtetemo. Lau angeibana, angebaki mwigaji tu. Hakuibana, aliingia kama mgeni mwenye adabu, aliyebisha hodi lakini hakuacha jina lake mlangoni.

Santuri hiyo haikukosa dosari, kwani aliimba kwa Kiingereza. "Travessia", wimbo uliompa Nascimento umaarufu mwaka 1967, maana yake ni kuvuka. Katika Kiingereza ukaitwa "Bridges", yaani madaraja. Tofauti si ndogo. Apitaye darajani halowi. Avukaye hujitia majini, na huenda asifike kama alivyoondoka.

Hata hivyo, sauti ilirudisha sehemu ya kile kilichopotea katika tafsiri. Mwanamke mweusi wa kaskazini na mwanamume mweusi wa kusini, wote wawili wazao wa waliovushwa bahari kwa minyororo, walikutana katika wimbo wa kuvuka. Safari hii aliyesafiri alisafiri kwa hiari yake.