Upimaji wa upatanifu wa vifaa vya usimbaji fiche

Upimaji wa upatanifu wa vifaa vya usimbaji fiche ni kazi ya kuhakikisha kwamba vifaa vinavyoficha mawasiliano ya mtandao, hata vikitoka kwa watengenezaji tofauti, vinaelewana. Mjini Goma, jimbo la Kivu Kaskazini katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, jambo hili lina uzito wa pekee. Mashirika ya misaada na ofisi za Umoja wa Mataifa zilizopo huko huwasiliana na Kinshasa, Nairobi au Geneva, na ruta ya upande wa pili si lazima iwe ya chapa ileile.

Msingi wa vifaa vingi vya aina hii ni IPsec, itifaki zilizochapishwa na IETF, shirika linaloweka viwango vya intaneti, mwaka 1995, kisha zikaandikwa upya 1998 na 2005. Maandiko ya awali yaliacha machaguo mengi mno, hata kampuni mbili zikawa zinaweza kuyafuata barabara na bado zisielewane. Ndipo wahandisi wa miaka ya 1990 walipoanza kubeba mashine zao hadi kwenye warsha za pamoja na kuziunganisha ana kwa ana. Maabara ya ICSA ikatoa vyeti vya IPsec, na VPN Consortium ikatoa nembo kwa bidhaa zilizofaulu. Toleo la pili la itifaki ya kubadilishana funguo, IKEv2, lilipunguza utata huo. La kwanza IETF ililiweka rasmi kando mwaka 2023, ingawa ruta kuukuu bado zinalitumia.

Mnunuzi asichanganye mihuri. FIPS 140, kipimo cha Marekani na Kanada ambacho toleo lake la 140-3 lilitoka 2019, hukagua kama sehemu inayosimba imeundwa sawasawa. Hakisemi kama kifaa kitaelewana na jirani yake. Idhini ya ARPTC, mamlaka ya mawasiliano ya Kongo, huruhusu kifaa kutumika nchini, nayo haihusiani na kuelewana huko. Tena cheti cha FIPS hutaja toleo mahususi la programu: fundi akiweka toleo jipya ili kuziba tundu la usalama, huenda akawa ametoka nje ya cheti. Katika hali hiyo ni heri kuziba tundu.

Hitilafu zenyewe huwa ndogo. Upande mmoja ukidai usimbaji wa AES-256 na kundi la 14 la Diffie-Hellman, njia ya kukubaliana funguo, na wa pili ukajua kundi la 2 tu, jibu ni NO_PROPOSAL_CHOSEN na handaki, yaani njia iliyosimbwa kati ya ruta hizo mbili, halifunguki. Hiyo ni afadhali, kwa kuwa kosa linaonekana. Linalosumbua zaidi ni handaki linalofunguka, pingi ikapita, barua pepe fupi zikapita, lakini faili kubwa likakwama: IPsec huongeza vichwa vyake juu ya pakiti, pakiti ikavuka baiti 1,500 zinazobebwa na laini, na ruta ya katikati ikaitupa kimyakimya.

Kwa ofisi inayotegemea setilaiti ya obiti ya juu, kuna tatizo jingine. Safari ya kwenda na kurudi huchukua zaidi ya nusu sekunde, hivyo modemu nyingi huharakisha TCP, itifaki inayobeba sehemu kubwa ya data za intaneti, kwa kusoma vichwa vya pakiti. IPsec ikishavificha, modemu haina cha kusoma na kasi hushuka, ingawa kila kifaa kina cheti chake. Maabara inayopima ruta mbili zilizounganishwa kwa waya mfupi haiwezi kuliona hilo.

Kwa hiyo jaribio la maana hufanywa kabla ya kusafirisha: ruta zote mbili juu ya meza moja, zikiwa na matoleo yaleyale ya programu, katikati pakiwekwa ucheleweshaji wa setilaiti, na faili kubwa likapitishwa hadi funguo zibadilishwe angalau mara moja. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji, na baada ya hapo kubadilisha kifaa kilichokataa kuelewana kukawa kazi ya barabara na mipaka.