Nembo za Uso wa Bibi: Kuharibu au Kupamba?

Siku hizi neno nembo tunalijua kwa mambo mengine: nembo ya chuo, nembo ya kampuni ya simu, nembo ya timu ya mpira. Maana yake ya zamani ni alama za chale zinazochanjwa mwilini, na Wamakonde mpaka leo huziita dinembo. Naanza na neno kwa sababu kosa langu nalo lilikuwa la neno. Nilipokuwa mwaka wa kwanza niliandika kwamba bibi zetu "walijiharibu sura" ili wasikamatwe na wafanyabiashara wa watumwa. Nilipata alama nzuri. Likizo ilipofika, nikamsomea bibi yangu insha hiyo ukumbini kwetu Quionga. Akaniacha nimalize, kisha akauliza, "Nani kakwambia nimeharibika, mke mwenzangu?"

Bibi si mzaliwa wa pwani. Alizaliwa nyanda za juu za Mueda, akavuka Ruvuma utotoni wakati wa vita, akarudi Msumbiji baada ya uhuru wa 1975 na kuolewa Quionga, kaskazini mwa Palma, karibu na mdomo wa mto huo. Mji wetu umezoea kugombewa. Wajerumani waliuchukua mwaka 1894, Wareno wakaurudisha mikononi mwao Aprili 1916, na mkataba wa Versailles wa 1919 ukawathibitishia. Mpaka ulikuwa unasogezwa, lakini nyuso za Wamakonde wa ng'ambo zote mbili zilibeba chale za aina moja. Karl Weule, mtafiti kutoka Leipzig aliyefika Newala mwaka 1906, aliziona huko upande wa Wajerumani, pamoja na ndonya kwenye midomo ya wanawake.

Hoja ya utumwa tumeirithi wengi, nami sidai kwamba hakuna mzee aliyewahi kuisema. Ila ina tatizo kubwa: chale hazikumzuia mnunuzi. Mwaka 1846 Mfaransa Eugène de Froberville alikuwa Morisi, akatengeneza sanamu za plasta kutokana na vichwa vya watu waliopelekwa kule kama watumwa, wengi wao kutoka Msumbiji. Sanamu hizo zipo hadi leo Ufaransa, na chale zinaonekana juu ya plasta. Watu hao walikamatwa na kuuzwa pamoja na nembo zao. Kama ilikuwa kinga, iliwashinda.

David Livingstone naye aliuliza swali langu kabla yangu. Kwenye kitabu chake cha 1865 anaeleza alivyomuuliza mzee mmoja wa Wamang'anja, karibu na mto Shire, kwa nini wanawake wao wanavaa pete kubwa katika mdomo wa juu. Mzee alishangaa. Alimjibu kwamba ni urembo: mwanamume ana ndevu, mwanamke hana, sasa bila pete angekuwa kiumbe gani? Livingstone aliona kichekesho. Mimi naona jibu la mtu aliyeulizwa jambo lililo wazi.

Tazama pia kazi yenyewe. Fundi alichanja kwa kisu kidogo, akapaka mkaa wa mbegu za nyonyo ili kovu litoke na rangi ya buluu iliyoiva. Mara moja haikutosha. Kidonda kiliachwa kipone, kisha mistari ileile ikarudiwa, mpaka pembe na mistari ya kuvunjikavunjika ikae sawasawa usoni, kifuani, tumboni kuzunguka kitovu. Mtu anayetaka kuchukiza hahitaji ulinganifu. Na wachongaji walipotengeneza vinyago vya mapiko, waliviwekea nembo hizo, mara nyingine kwa vipande vya nta ya nyuki. Kipo hata kinyago cha tumbo la mwanamke mjamzito, ambacho mwanamume hukivaa kuchezea ngoma, nacho kimejaa nembo.

Sisi wa pwani tunatoga masikio ya watoto wa kike wakiwa wachanga, tunapaka hina, tunavaa kipini puani. Hakuna anayeandika insha kwamba ndewe ni kuharibu sikio. (Mimi mwenyewe ninazo tatu kila upande na sikuliwaza hilo nilipokuwa naandika.)

Kwa nini basi bibi hujifunika shavu kwa kanga kila anapopigwa picha? Hilo ndilo lililokuwa ushahidi wangu mkubwa wa aibu, nami nikamwambia hivyo. Alicheka, halafu akanyamaza kidogo. Alichanjwa mara ya kwanza akiwa msichana mdogo. Fundi alipaswa kurudi baada ya mavuno kurudia mistari. Vita vilianza Chai tarehe 25 Septemba 1964, familia ikakimbilia Tanganyika, na fundi hakuonekana tena. Baadaye Frelimo nayo ikahimiza watu waache chale na mila za unyago. Mwaka huohuo wa 1964 ndipo Jorge na Margot Dias walipotoa juzuu ya kwanza ya utafiti wao juu ya Wamakonde wa Msumbiji. Kitabu kinatoka, na shavu la bibi linabaki nusu.

Kwa hiyo anachoficha ni kazi ambayo haikumalizika. Mama yake, anasema, alikuwa na uso uliokamilika, na ndonya yake. Alipopita kisimani watu waligeuka.

Nilichukua daftari nikamchora. Aliishika karatasi mbali na macho, kama wazee wanavyofanya, akasema shavu la kushoto nimekosea. Nilikuwa nimeweka mistari miwili iliyofifia kama ilivyo. Akachukua kalamu, akaikoleza, na chini yake akaongeza wa tatu.