Fahari ya Chombo na Bahari ya Rasi Mkumbi

Watu wa zama zetu, wakitaka kulipima gari la fahari, huanza na ngozi ya viti na mng'ao wa rangi, na ni nadra kumsikia mtu akiuliza litamfikisha wapi. Lakini swali hilo ndilo lililokuwa la mwanzo kwa nahodha aliyeizunguka Rasi Mkumbi, ncha ya kaskazini ya Mafia penye mnara wa taa wa zama za Wadachi, ambako mashariki bahari kuu huvunja mawimbi yake juu ya miamba, na magharibi mna mafungu ya mchanga na matope ya Mto Rufiji, hata chombo kizito kikikosea njia maji yakipwa, hupwelewa.

Sayyid Barghash bin Said, aliyeitawala Mafia pamoja na Unguja, alikuwa na fikira nyingine juu ya fahari. Tufani ya mwaka 1872 ilipoziangamiza merikebu zake, aliagiza mpya kwa mfano wa manowari ya Kiingereza iitwayo Glasgow, akaipa jina lilo hilo. Iliundwa na William Denny huko Dumbarton, Uskochi, ikakamilika mwaka 1878, ina milingoti mitatu, mtambo wa moshi, mizinga, na mapambo ya anasa. Walakini haikumridhisha bwana wake, na sehemu kubwa ya umri wake ilikaa nangani mbele ya mji wa Unguja, ikitazamwa. Kwa rai yangu, fahari ya namna hiyo humfaa zaidi aliye pwani kuliko aliyemo chomboni. Tarehe 27 Agosti 1896, katika vita kati ya Uingereza na Unguja visivyotimiza saa moja, Waingereza waliizamisha papo hapo bandarini, na milingoti yake ikabaki imechomoza juu ya maji hadi mwaka 1912.

Kinyume cha Glasgow, mtepe wa Wabajuni, uliopita pwani ya Mafia ukichukua boriti, haukuwa na anasa ila omo yake iliyochongwa mfano wa kichwa cha ngamia, ambaye wenyewe walisema ni ngamia wa Mtume. Tanga lake lilikuwa jamvi la miaa la pembe nne, na mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi pasi na msumari wa chuma hata mmoja. Kwa hiyo ukipanda fungu, ubavu wake ulinepa badala ya kupasuka, ukangoja maji yajae, ukaelea tena.

Wala nisiusifu kupita kiasi. Maji yalipenya katika matundu ya mshono usiku na mchana, baharia hakuwa na budi kuyafua, na kamba zilipochakaa ilibidi chombo kishonwe upya. Mashua na majahazi ya misumari, ambayo mafundi wa visiwa vya Chole na Jibondo ni mahodari wa kuyaunda, yakautoa mtepe baharini katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Si kwa uzuri wa umbo, bali kwa kuwa jahazi lilikuwa kavu, na baharia aliyemaliza zamu yake aliweza kulala.