Mashindano ya Magari na Mwenyeji wa Njia

Tunapoitazama historia ya michezo katika Afrika Mashariki, yafaa tujiulize swali ambalo aghalabu husahauliwa: mwenyeji wa mashindano ni nani? Je, ni serikali inayotoa kibali, au ni wananchi ambao njia inapita kando ya mashamba yao? Historia ya mashindano ya magari ya Safari yatupa mafunzo juu ya jambo hili.

Mashindano hayo yalifanyika mara ya kwanza kuanzia tarehe 27 Mei hadi 1 Juni 1953, katika Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Walowezi walipokuwa wakitayarisha magari yao, Kenya ilikuwa imo katika hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Tarehe 8 Aprili 1953, huko Kapenguria, Jomo Kenyatta na wenzake watano walihukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Wiki saba baadaye magari yakaondoka. Dereva aliweza kuvuka nchi tatu, ilhali Wakikuyu, Waembu na Wameru waliwekewa vizuizi vya kusafiri katika nchi yao wenyewe.

Mwaka 1960 mashindano yalipewa jina la Afrika Mashariki. Uhuru ulipopatikana, ilidhaniwa kwamba njia sasa imerudi kwa wenyewe. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya alishinda, na mwaka 1967 nchi zetu tatu zikaunda Jumuiya. Lakini Januari 1971 Idi Amin alipindua serikali ya Uganda. Mwalimu Nyerere alikataa kuketi naye, na tangu hapo marais watatu hawakukutana tena katika kikao cha Jumuiya. Mwaka 1972 Amin aliwafukuza Waasia. Miongoni mwa waliokimbilia Kenya alikuwamo Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mwaka uliofuata alishinda Safari, baada ya kulingana pointi na Harry Källström wa Sweden. Hivyo mashindano yenye jina la Afrika Mashariki yalishindwa na mtu aliyenyimwa kwao katika Afrika Mashariki hiyohiyo.

Katikati ya miaka ya 1970 Safari ilibaki Kenya peke yake, na jina la Afrika Mashariki likaondolewa. Februari 1977, Jumuiya ikivunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Ulifunguliwa tena Novemba 1983. Kwa watu wa Mara, tangu Sirari mpakani hadi vijiji vya ndani kama Nyansurura, mpaka huo si mstari wa ramani tu. Waingereza na Wajerumani walipoukubali mwaka 1886 waliwagawa Wakuria, wakawaacha ndugu pande zote mbili. Wenye magari walipata njia nyingine ndani ya Kenya. Aliyetengwa na mjomba wake hakupata mjomba mwingine.

Jumuiya ilifufuliwa kwa mkataba uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Safari nayo ilirejea katika mashindano ya dunia mwaka 2021, lakini ndani ya Kenya tu. Ikiwa siku moja magari yatavuka tena mipaka yetu, na yapokewe kwa furaha. Ila mwananchi wa kijijini awe ametangulia kuvuka kwa amani.