Joto Kuliko Kilomita: Chakula cha Karibu katika Majira ya Baridi ya Kaskazini

Mjadala wa kula mazao ya karibu wakati wa majira ya baridi, huko Ulaya na kaskazini mwa Marekani, umeegemea mno umbali. Mwaka 2008 watafiti Christopher Weber na Scott Matthews walikadiria kuwa usafirishaji huchangia asilimia 11 tu ya gesijoto zitokanazo na chakula cha kaya ya Marekani, ilhali uzalishaji huchangia asilimia 83. Wapo walioona kuwa takwimu hizo zimefunga mjadala. Wameharakisha. Wastani wa mwaka mzima, unaojumlisha nyama, nafaka na mboga, hausemi lolote kuhusu namna mboga ya Januari ilivyopatikana. Kinachopaswa kuulizwa ni zao hilo lilipata joto wapi: juani au kwenye mafuta?

Ushahidi ulio wazi kuliko mwingine uko Harborside, jimboni Maine, latitudo ya nyuzi 44 kaskazini. Hapo mkulima Eliot Coleman amevuna mboga katikati ya theluji kwa miongo kadhaa, na mbinu zake amezieleza katika The Winter Harvest Handbook (2009). Yapo mabanda anayoyapasha joto kidogo, lakini yenye uzito kwa hoja hii ni yale yasiyopashwa kabisa. Juu kuna nailoni. Ndani, karibu na mimea, hutandazwa kitambaa chepesi juu ya nyaya zilizopindwa. Joto ambalo udongo umelipata mchana hutoka usiku na kunaswa chini ya kitambaa. Kwa hesabu ya Coleman, kila tabaka la kifuniko ni sawa na kulihamishia shamba kilomita 800 hivi kusini. Alfajiri majani ya spinachi huwa yameganda na kulala; jua likipanda huyeyuka na kusimama tena, na hapo ndipo huvunwa.

Kizuizi kikubwa ni mwanga. Tangu mwanzoni mwa Novemba hadi mwanzoni mwa Februari mchana huwa chini ya saa 10, na mimea karibu huacha kukua. Mbegu basi hupandwa kuanzia Agosti, ili mimea iwe imekomaa kabla ya giza, na banda linabaki kuwa ghala la mboga zilizo hai. Karoti zinazoachwa ardhini hulimbikiza sukari kadiri baridi inavyozidi, na utamu wake hauna mfano.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya mlo wa karibu hutoka kwenye ghala la kawaida. Karoti na kabichi hudumu kwa miezi zikiwekwa karibu na nyuzi 0 za Selsiasi penye unyevu mwingi. Vitunguu hutaka baridi hiyohiyo lakini hewa kavu. Maboga hutaka nyuzi 10 hadi 13. Matofaa hutengwa na karoti, kwa kuwa gesi ya ethilini inayotoka humo huzitia uchungu.

Pingamizi zito linatoka Kenya. Mwaka 2007 uchambuzi wa Chuo Kikuu cha Cranfield ulionyesha kuwa waridi 12,000 za Kenya, pamoja na safari ya ndege hadi Uingereza, zilitoa takribani kilo 6,000 za kaboni dayoksaidi, na za Uholanzi, zilizokuzwa kwenye vitalu vilivyopashwa joto, kilo 35,000. Mantiki hiyo inazihusu pia mboga zinazokuzwa kwenye vitalu vya vioo vinavyopashwa joto kwa gesi, na wakulima wa mishiri wa Kenya wana haki ya kuikumbusha Ulaya. Lakini mshindani aliyeshindwa hapo ni kitalu cha gesi. Kabichi ya ghalani haikuchomewa gesi wala haikupanda ndege, na mbele yake mishiri ya ndege haina utetezi. Kwa hiyo nyanya mbichi ya Januari iliyokuzwa kwa gesi haistahili sifa ya ukaribu, hata ikitoka kwa jirani.

Kadiri mtu anavyokwenda kaskazini, ushahidi wa Maine unapungua nguvu. Helsinki, kwenye nyuzi 60, siku fupi ya Desemba haifikishi saa 6 za mchana. Banda lisilopashwa joto haliwezi kutoa mengi huko, na hoja hubaki kwenye viazi, karoti na kabichi iliyochachushwa.