Sinia la Marehemu
Sehemu ya Tatu

ILIPOISHIA: Juni 1249, Dimyat imetwaliwa bila upinzani. Mfalme Louis wa Ufaransa anaitaka Cairo. Sultani as-Salih Ayyub, taabani kwa maradhi, amebebwa kwa machela hadi kambi ya Mansura.

INAENDELEA: Novemba, Sultani akakata roho.

Waliojua walihesabika: mkewe Shajar al-Durr, aliyeingia nyumba ile akiwa mjakazi, amiri jeshi Fakhr al-Din, towashi mkuu Jamal al-Din Muhsin. Habari ikiwafikia askari, kambi ingesambaratika kabla Louis hajavuka maji. Naye mrithi, Turanshah, alikuwa mbali kabisa, Hisn Kayfa. Faris al-Din Aktai akatumwa kumfuata.

Kilio kikazuiwa. Maiti ikaoshwa kwa siri, ikapakiwa mashuani, ikapelekwa hadi ngome ya kisiwa cha Rawda.

Hemani mambo yakaendelea kama kawaida. Chakula cha Sultani kikaingia kwa saa zake. Barua zikatoka kwa mwandiko wake, kumbe ni mkono wa mtumishi hodari wa kuiga. Aliyetaka kumwona aliambiwa bwana hajiwezi. Nani angebisha? Miezi yote ile alikuwa mgonjwa kweli.

Ayyub husifiwa kwa kununua vijana wa Kituruki na kuwafanya kikosi cha Bahriya, chanzo cha dola ya Mamluki iliyoitawala Misri hadi 1517. Sawa. Lakini bila mjane yule, hao vijana wangerithi nini?

Minong'ono ikaanza hata hivyo, ikafika hadi kwa maadui. Wiki zikapita, majeshi yakitazamana ng'ambo na ng'ambo. Ndipo Bedui mmoja, kwa dinari 500, akawaonyesha Wafaransa kivuko.

Alfajiri ya 8 Februari 1250 Robert, mdogo wake mfalme, akatangulia kuvuka. Aliagizwa asubiri wenzake. Hakusubiri, akaivamia kambi watu wakiwa bado na usingizi.

Fakhr al-Din alikuwa anaoga. Aliposikia makelele alirukia farasi bila hata deraya, akatoka mbio, akakutana uso kwa uso na wapanda farasi wa Msalaba. Wakamuua palepale.

Sultani hayupo. Amiri jeshi ndiyo huyo kaanguka. Turanshah bado yuko njiani. Na Robert, upanga mkononi, ameshaligeuza farasi lake kuelekea Mansura, akakuta lango liko wazi...

ITAENDELEA WIKI IJAYO